Ngoma ziko Ulaya, simu iko Tabora: tathmini ya makusanyo ya ala za muziki mtandaoni

Fundi wa Tabora anayetaka kuchonga zeze la umbo la zamani, au mwalimu wa Kigoma anayetaka wanafunzi wake waione inanga, ala ya nyuzi, kabla hawajashika patasi, ana njia mbili. Ya kwanza ni kupanda basi au treni. Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, kuna ngoma za watemi wa Kisukuma. Dar es Salaam kuna Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1966. Makumbusho ya Ujiji na Tembe la Kwihara yako karibu zaidi, ila habari kuu inayosimuliwa pale ni Livingstone, Stanley na misafara, siyo muziki.

Njia ya pili imo mfukoni. Ala nyingi zilizobebwa kutoka bara tangu enzi za Wajerumani leo zimo Berlin, Leipzig, London, Tervuren ya Ubelgiji na New York, na makumbusho ya huko yameweka picha na maelezo mtandaoni bila malipo. Huduma hizo zimepimwa hapa kwa swali moja: mtu akimaliza kusoma ukurasa wa ala fulani, ataweza kuichonga, kuiwamba na kuipiga? Kwa upande wa umbo jibu ni ndiyo, ukikubali kazi ya ziada. Kwa upande wa sauti bado sana.

MIMO: mlango mmoja, nyumba nyingi

Pa kuanzia ni MIMO, orodha ya pamoja ya makumbusho ya ala za muziki. Ilijengwa kati ya 2009 na 2011 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Chuo Kikuu cha Edinburgh kikiratibu, na sasa ina ala zaidi ya 60,000. Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, Horniman ya London, na yale ya Brussels na Paris yamo. Unatafuta mara moja, wanakujibu wengi. Kwa mwenye bando dogo hilo peke yake ni sababu tosha ya kuanzia hapo.

Kosa la kwanza la wengi ni kuandika jina la Kiswahili kwenye kisanduku cha kutafutia na kungoja. Chukua zeze. Kwa Wagogo zeze ni ala ya kupigwa kwa uta mdogo: kibuyu, mti uliopenya kibuyu, nyuzi juu yake. Kwingine bara jina hilohilo ni la kipande chembamba cha ubao kilichofungwa kibuyu mgongoni, chenye vinundu vya kubonyezea nyuzi, kinachodonolewa kwa kidole. Mkusanyaji aliandika jina alilolisikia siku ile, na mwenye orodha akalinakili miaka hamsini baadaye bila kuiona ala ikipigwa. Ukitafuta "zeze" utapata ala mbili zisizo na undugu, na mazeze mengine mengi hutayaona kabisa kwa sababu yameandikwa kwa Kijerumani au Kifaransa tu.

Kwa hiyo ingia kwa familia, si kwa jina. Orodha imepangwa kwa mfumo wa Erich von Hornbostel na Curt Sachs uliochapishwa Berlin mwaka 1914. Mfumo huo hauulizi ala inaitwaje. Unauliza kitu gani kinatikisika hadi sauti itoke: mwili wenyewe wa ala (1), ngozi (2), uzi (3) au hewa (4). Ala za umeme ziliongezwa baadaye. Namba inaposogea mbele inaeleza umbo kwa undani zaidi, na kwa fundi namba hizo zina faida kuliko jina lolote.

Kwa ala za kwetu, hizi ndizo zinazohitajika mara kwa mara. Ngoma za kupigwa zinaanza na 211: 211.21 ni iliyonyooka kama bomba, 211.22 ina tumbo kama pipa, 211.25 inapungua kuelekea chini, 211.26 ina mguu kama kikombe. Marimba ya vidole ni 122. Uta wa muziki ni 311.1 na zeze la ubao linaingia 311.2. Zeze la Kigogo liko 321.3, na ukiona limeishia na -71 ujue hiyo ni alama ya kupigwa kwa uta. Manyanga na njuga ni 112.13. Baragumu linalopulizwa ubavuni ni 423.122. Na inanga, ile ya Buha na Burundi yenye umbo la sinia refu lisilo na kina, ni 315. Hapo kuna jambo la kufurahisha: Hornbostel na Sachs walipotafuta mfano wa kundi la 315, nchi waliyoitaja ni hii yetu.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Fungua familia, kisha punguza kwa mahali, kisha kwa makumbusho. Ukimaliza kupitia Tanzania, pitia na Burundi, Rwanda na Kongo, kwa sababu mipaka ya leo haikuwapo ala hizi zilipochukuliwa, na ala za Waha zinafanana na za ng'ambo ya Malagarasi kuliko zinavyofanana na za Dodoma. Baada ya hapo ndipo ujaribu maneno, na ujaribu tahajia za zamani: Udjidji kwa Ujiji, Wanyamwesi na Unjamwesi, Urundi, Deutsch-Ostafrika. Kwa Kijerumani andika Trommel upate ngoma, Musikbogen upate uta wa muziki. Kwa Kifaransa andika tambour na cithare. Marimba ya vidole itafute kwa sansa na sanza, majina ambayo Wazungu waliyapachika karibu kila marimba waliyoiona Afrika.

Neno "Tabora" kwenye lebo lisikudanganye

Hapa ndipo huduma zote, bila kuacha hata moja, zinahitaji msomaji makini. Lebo ikisema Tabora, mara nyingi inataja mahali ala iliponunuliwa, na Tabora palikuwa njia panda. Misafara ya kutoka pwani, ya Karagwe na ya Ujiji ilikutania hapo. Wamanyema walikaa Ujiji na Tabora, askari wa Wajerumani walitoka kila upande, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 vitu vilizidi kuchanganyika. Marimba iliyoandikwa "Tabora, 1900" inaweza kuwa ya Kinyamwezi. Inaweza pia kuwa imetoka ng'ambo ya ziwa begani kwa mpagazi.

Tazama vitu vitatu kabla hujaiita ya kwenu. Kwanza mti: mninga una wekundu wa kahawia na mistari mipana ya mti, na rangi hiyo huonekana hata kwenye picha ya kawaida mahali mikono ilipong'arisha. Pili namna ya kufunga: vyuma vya marimba vimekazwa kwa ukanda wa chuma, kwa waya au kwa kamba ya ngozi? Tatu linganisha na makusanyo ya Tervuren. Olga Boone alichapisha uchunguzi wa ngoma za Kongo na Ruanda-Urundi mwaka 1951, na J. S. Laurenty akafuata na ala za nyuzi mwaka 1960 na za marimba ya vidole mwaka 1962. Kazi yao ni msingi mzuri wa kulinganisha maumbo ya pande hizo, na kwa mtu wa Kigoma, ambaye Burundi iko mlangoni, makusanyo ya Tervuren yana faida kuliko ya London.

Namba ya ala nayo inasema mengi. Makumbusho ya Berlin huanza na III E kwa Afrika Mashariki. British Museum huandika Af na kufuatiwa na mwaka ambao ala iliingia makumbusho, siyo mwaka iliotengenezwa, na kosa la kuchanganya hiyo miwili limeenea mno. Tervuren hutumia MO kwa vitu vya muziki. Kwa Metropolitan ya New York, namba inayoanza na 89.4 ni ya mkusanyiko wa Crosby Brown uliotolewa mwaka 1889 na miaka iliyofuata. Nakili namba kwenye daftari kabla ya kupakua picha. Faili la picha hubadilika jina ukilihamisha kwenye simu nyingine, na picha isiyo na namba haina thamani kwa mtu atakayekuja kuuliza swali baadaye.

Kutoka kwenye picha hadi kwenye gogo

Kurasa nyingi zinatoa urefu na upana wa jumla, basi. Nyingine zinatoa uzito. Fundi anahitaji vipimo ishirini, anapewa viwili. Vingine vyote itabidi avitoe kwenye picha, na inawezekana.

Chagua picha iliyopigwa kwa usawa wa katikati ya ala, siyo ya kutoka juu. Nenda stesheneri, waambie waprinti kwa saizi halisi, asilimia 100, wasiruhusu mashine inyooshe picha ijaze karatasi. Pima kwa rula ya chuma. Tuseme ukurasa unasema ngoma ina urefu wa sentimita 62 na kipenyo cha sentimita 30. Kwenye karatasi urefu ni sentimita 15.5, kwa hiyo kila sentimita moja ya karatasi ni 4 za ngoma. Sasa hakiki kwa kipenyo: kikiwa sentimita 7.5 kwenye karatasi, mara 4 ni 30, picha ni nzuri na unaweza kuendelea kupima kiuno, mguu na nafasi kati ya vigingi. Kikiwa 7.9 utapata 31.6, yaani umekosa zaidi ya asilimia 5. Kamera ilikuwa imeinama au urefu uliotajwa umehesabu na mkanda wa kubebea. Picha hiyo ifae kwa nakshi tu, usiitumie kwa vipimo.

Unene wa ukuta hauonekani kwenye picha, na ndio unaoamua ngoma italia au itakoroma. Ukurasa ukitoa uzito, hesabu. Chukua ngoma iliyonyooka yenye urefu wa sentimita 50 na kipenyo cha nje cha sentimita 28, uzito kilo 6.5. Ondoa nusu kilo ya ngozi na kamba, zinabaki kilo 6 za mti. Mti mkavu wa uzito wa mninga una kama gramu 0.6 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo una mti wa ujazo wa 10,000. Ukuta wa sentimita 2.5 una kipenyo cha kati cha 25.5, zidisha kwa 3.14, kwa 50, kwa 2.5, unapata karibu 10,000. Ukuta ni sentimita mbili na nusu. Mti ukiwa mwepesi au mzito kuliko huo jibu litasogea, lakini limekuondoa kwenye kubahatisha. Ni hasara kubwa kwamba uzito hauandikwi kwenye kila ukurasa, kwa sababu kupima uzito ni kazi ya dakika moja.

Picha za mbele zipo tele, za nyuma na za ndani ni chache. Kwa ngoma za Burundi, ambazo gogo lake la kusifika ni la mringaringa na ngozi ya ng'ombe hukazwa kwa vigingi vya mti, picha ya mbele inaonyesha vichwa vya vigingi tu. Kina cha tundu hakionekani. Anayechonga kwa kutazama picha hutoboa kina kidogo, ngozi ikikauka inavuta, vigingi vinang'oka kwa mpangilio mmoja mmoja mpaka upande mzima unafunguka. Kigingi kiingie si chini ya nusu ya unene wa ukuta na kiwe cha mti mgumu kuliko gogo. Ngozi iloweshwe usiku kucha, iwambwe mbichi, vigingi vipigwe kwa kukabiliana, kimoja huku na mwenzake ng'ambo, kisha ngoma ikae kivulini. Ukiiweka kwenye jua la mchana, ngozi inajipasua kwenye matundu ya vigingi kabla katikati haijakauka.

Inanga nayo ina mtego wake. Picha inaonyesha nyuzi nane hivi, na fundi hukata nyuzi nane. Asili yake ni uzi mmoja mrefu unaopita huku na huku kwenye meno ya kingo mbili. Mpigaji anapotega sauti, yaani anapozipatanisha nyuzi, huvuta uzi kupita jino, mvuto ukahamia mstari wa jirani, kwa hiyo mistari yote inasikilizana. Ukifunga kila uzi na fundo lake umetengeneza ala nyingine yenye umbo la inanga. Kuza picha hadi kwenye meno ya ukingo: ukiona fundo kila jino, basi aidha nyuzi zilibadilishwa baadaye au hiyo siyo ya kunakili.

Na nyufa usizinakili wala usimlaumu fundi wa kale. Ngoma iliyochongwa kwenye unyevu wa ziwani ikapelekwa kwenye chumba kinachopashwa moto majira ya baridi hupoteza maji haraka, upande wa nje unasinyaa kabla ya wa ndani, na mti unapasuka kufuata mistari yake. Jambo hilohilo hutokea Tabora kuanzia Juni hadi Oktoba kwa gogo lililochongwa Machi. Paka nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili za gogo siku lilipokatwa. Tabora haikosi nta.

Kisichokuwamo ndani ya kabati

Ala ya makumbusho mara nyingi imefika nusu. Zeze lina mwili, uta wake haupo. Ngoma ina ngozi, fimbo zake za kupigia hazipo. Marimba ya vidole ina vyuma vyote, lakini tundu la kibuyu liko wazi, na anayetazama picha hudhani ni tundu la kutolea sauti tu. Kwenye marimba za Wagogo na jirani zao tundu hilo hufunikwa na utando wa buibui, ndio unaotoa ule mlio wa kuvuma. Utando huo haudumu. Hunyauka, huliwa na wadudu, hupanguswa na anayefuta vumbi. Ukiichonga marimba kwa kufuata picha utapata sauti safi mno, na wazee wataikataa kwa haki kabisa. Bandika utando mpya kwa nta.

Mpangilio wa sauti ndio eneo dhaifu kuliko yote. Vyuma vya marimba hutegwa kwa kusukumwa mbele au kurudishwa nyuma, tofauti ya milimita mbili inasikika. Miaka mia ya kufungwa, kufunguliwa na kusafishwa imeshavisogeza. Kwa hiyo hata ukikuta ukurasa unaotaja sauti za vyuma, hizo ni sauti za siku ya kupimwa, siyo za aliyeipiga Unyanyembe. Ngozi hivyohivyo, na nyuzi zaidi. Ala ambazo sauti yake unaweza kuiamini kwa kiasi ni zile zisizotegwa upya: filimbi, baragumu, njuga, kengele.

Sababu ya upungufu huu ni ya kihistoria. Makusanyo haya yalianza kama maonyesho ya maumbo. London ilifanya maonyesho ya ala za kale South Kensington mwaka 1872, na Carl Engel akatoa orodha yake mwaka 1874. Mwaka 1876 Sourindro Mohun Tagore wa Kolkata alimpelekea mfalme wa Ubelgiji mkusanyiko wa ala za Kihindi. Mwaka uliofuata makumbusho ya Brussels yakaanzishwa, na mtunzaji wake Victor-Charles Mahillon akapanga ala kwa mafungu manne yanayofuata mpango wa kale wa India. Kutoka kwake ndiko Hornbostel na Sachs walikochukua mzizi. Mfumo unaotumiwa leo kupanga ngoma za Unyamwezi una asili ya Kihindi, na ni vizuri mwalimu akalisema hilo darasani badala ya kuuita uvumbuzi wa Ulaya mtupu.

Waliojali sauti walikuwapo. Alexander Ellis alipima ngazi za sauti za mataifa mbalimbali na mwaka 1885 akatoa kipimo chake kinachogawa oktava katika vipande vidogo 1200 viitwavyo senti, ambacho programu za kutega gitaa kwenye simu zinakitumia hadi leo. Berlin ilianzisha hazina ya rekodi za sauti mwaka 1900, na Hornbostel mwenyewe alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi mwaka 1909. Tatizo ni kwamba ala iliwekwa jengo moja na sauti jengo jingine, na orodha za mtandaoni zimeurithi mpasuko huo. Unafungua ukurasa wa ala kutoka Unyamwezi, hauna kiungo cha kukupeleka kwenye rekodi hata moja. Rekodi zilizofanywa na Hugh Tracey Tanganyika mwaka 1950 nazo ziko mbali kabisa, kwenye maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Msomaji ndiye mwenye kuviunganisha. Kuna makumbusho mapya yaliyojaribu kuanza upande huu: lile la ala za muziki la Phoenix, Marekani, lililofunguliwa 2010, humwonyesha mgeni video ya ala ikipigwa akiwa mbele ya kabati. Ndivyo inavyotakiwa, lakini huduma hiyo ni ya aliyeko Phoenix.

Ipi kwa nani

Mwalimu wa shule anayehitaji picha za kubandika ukutani aende Metropolitan. Tangu Februari 2017 picha zake za vitu visivyo na hakimiliki zimeachiwa kabisa: chapisha, kata, uza kalenda, hakuna wa kukuuliza. Ala za Afrika Mashariki huko ni chache kuliko Berlin, ila ubora wa picha unatosha karatasi ya A3. British Museum inaruhusu matumizi yasiyo ya biashara tu, kwa kutaja chanzo. Kikundi cha ngoma kisichapishe picha yake kwenye fulana za kuuza. Ruhusa hizi zinahusu picha, siyo umbo la ngoma utakayochonga.

Fundi aende MIMO kwanza, kisha afuate namba hadi kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, maana huko mara nyingine kuna picha za ziada na maelezo ya mkusanyaji. Mtafiti wa Unyamwezi na Ujiji hawezi kuikwepa Berlin, pamoja na Kijerumani chake. Horniman inafaa kwa anayetaka maelezo yanayosomeka, na kwa hilo si haba.

Tahadhari mbili za malighafi. Ala kadhaa za zamani zimewambwa kwa ngozi ya kenge au chatu, nyingine zina pembe za ndovu. Usinakili hayo. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 kuwa na nyara bila kibali ni kosa, na ngozi ya mbuzi mchanga iliyokunwa vizuri inakaribia sana mlio wa kenge kwenye kibuyu kidogo. Pili, mtu akipata nafasi ya kuishika ala ya zamani yenyewe, iwe ghalani Ulaya au imerudishwa nyumbani, avae glavu, asiipulize wala kuiweka mdomoni. Makumbusho mengi yalipaka arseniki, zebaki na baadaye DDT kuzuia wadudu, na sumu hizo hazina harufu wala rangi ya kukuonya. Sababu hiyo pekee inatosha kukataliwa ukiomba filimbi ya kale ipulizwe. Kuna ala zilizorekebishwa zikapigwa tena, kama gamelan (seti ya gongo na ala nyingine) ya Java iliyopelekwa maonyesho ya Chicago mwaka 1893 na kubaki Field Museum, iliyotengenezwa upya miaka ya 1970, lakini hiyo ni shaba na mti, si ngozi na utumbo.

Kuandikia makumbusho

Kilichokosekana kwenye ukurasa kiombe kwa barua pepe. Kuwa wazi na kuwa mfupi: omba picha ya mgongo, picha ya ndani yenye rula kando, uzito kwa gramu, unene wa ukuta mdomoni, na nakala ya kadi ya zamani ya ala hiyo. Kadi ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi ina maneno ya mkusanyaji ambayo hayakuhamishiwa kwenye kompyuta: kijiji, jina la kienyeji, pengine hata nani aliipiga. Ukiona jina la kienyeji limekosewa, waandikie na sahihisho, taja na lugha. Kadi hurekebishwa, na huo ni mchango ambao mtu wa Urambo au Kasulu anaweza kuutoa kuliko profesa yeyote wa huko. Andika kwa Kiingereza chepesi, au kwa Kiswahili na tafsiri chini yake, sentensi fupifupi, ombi moja kwa mstari mmoja. Namba ya ala ikae kwenye kichwa cha barua, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na nukta na mikwaju yake. Berlin peke yake ina maelfu ya vitu chini ya III E, na ukiandika "ile ngoma ya Tabora" hakuna atakayejua ni ipi.